Nilimsingizia mtoto wa watu, kumbe mkata maua ni kindi!

NDUGU msomaji, wiki hii sina habari za mapenzi wala za mastaa. Nina aibu yangu mwenyewe, na nimeona bora niitoe mimi kabla majirani hawajaitoa. Mwenzenu nimesababisha mtoto wa watu achapwe fimbo kwa kosa ambalo hakulifanya. Mkosaji mwenyewe ana mkia mrefu wa manyoya, anaishi juu ya mwembe, na mpaka leo hajala hata kofi moja.

Kisa kilitokea Tanga, mitaa ya Chumbageni, nyumbani kwa shangazi yangu ninakoishi. Shangazi ana ugonjwa wa maua. Asumini anayo, waridi analo, lakini mapenzi yake hasa yako kwenye okidi. Kwa asiyeijua, okidi ni yale maua unayoyaona kwenye meza ya maharusi, yamejipanga kwenye kikonyo kirefu kama ndege waliotua juu ya waya. Yapo ya zambarau, yapo meupe, na ua moja linaweza kukaa wiki kadhaa bila kunyauka. Bibi harusi akiyaona anasahau hata kuuliza bei.

Shangazi anavyo vyungu kumi na kimoja, vimening'inia kwenye kibanda kidogo cha miti kando ya mwembe. Hauzi maua yake, anayakodisha kwenye kumbi za sherehe, jioni yanakwenda, asubuhi yanarudi. Biashara ndogo, lakini ndiyo inayolipa bili ya maji pale nyumbani, na mimi ninayeandika hapa nimekula sana matunda ya vyungu hivyo.

Basi bwana, mwezi wa pili, jua la Tanga lile la kupasua utosi, ikaja oda ya harusi. Vyungu 6, kila kimoja shilingi 15,000, na advansi ya shilingi 60,000 ikatolewa papo hapo. Shangazi akazipokea, akalipa bili, chenji akanunua mbolea. Vikonyo vilikuwa vimejaa matumba, yaani maua ambayo bado hayajafumbuka. Tukawa tunahesabu siku tu.

Jumatatu jioni narudi kutoka mihangaiko yangu, nakuta shangazi amekaa chini ya kibanda, kimya. Matumba yametapakaa ardhini kama maharage yaliyomwagika. Vyungu vinne kati ya sita vimekatwa. Makumbi ya nazi yamefukuliwa, mizizi iko nje inaning'inia.

Na pembeni ya matumba, mpira wa makaratasi wa mtoto wa jirani.

Dogo mwenyewe ana miaka tisa, yuko darasa la tatu, na uwanja wake wa taifa ni ua wetu. Mimi sikuuliza mara mbili. Nikavuka ua na mpira mkononi mpaka kwa mama yake, ambaye nitamwita Mama Nanihii ili nimlindie heshima. Hata shikamoo sikumbuki kama niliitoa. Nikasema mwanao ametutia hasara. Dogo akaruka, "Siyo mimi kaka, haki ya Mungu siyo mimi!" Ni kawaida, nikajisemea, mwizi gani anakubali? Mama Nanihii kwa fedheha akachukua fimbo. Nilisikia kilio nikiwa nyumbani, na nitasema ukweli, wakati ule nilijiona nimetenda haki.

Jumanne vyungu viwili vilivyobaki navyo vikakatwa. Dogo hakukanyaga kwetu siku hiyo. Mimi nikasema ameingia kwa kuviziavizia. Mtu akishaamua, haoni tena.

Shangazi akaenda kuwarudishia watu wa harusi pesa zao, pesa ambazo ilibidi azikope kwanza.

KIKAO CHA SAA MBILI ASUBUHI

Alhamisi nikashikwa na homa. Nikatandika mkeka barazani, nikajilaza. Saa mbili asubuhi, watoto wote wako shule, shangazi yuko sokoni, ua mzima kimya. Nikasikia kitu kinagonga juu ya mwembe, "chik, chik, chik". Nikafumbua jicho moja.

Akashuka kindi. Wengine mnamwita kuchakuro. Kadogo, mkia unacheza juu kama bendera, kanatazama kushoto kanatazama kulia kama mtu anayevuka barabara ya Hospitali. Halafu, msomaji wangu, kakaingia kwenye kamba yetu ya kuanikia nguo. Kamba ile imefungwa kwenye mwembe upande mmoja na kwenye nguzo ya kibanda upande wa pili. Kakatembea juu yake kama mtu wa sarakasi, kakaingia kwenye chungu, kakakaa kitako. Kakakata tumba moja, kakalionja, kakalitupa. Kakakata la pili, kakalionja, kakalitupa. Hata kula hakali vizuri! Kalipochoka kakaanza kuchimba makumbi, kakajaza nyuzi mdomoni, haooo kakarudi mtini kwa kamba ileile.

Daraja tulikuwa tumelijenga wenyewe, tena tunaanikia mashuka.

Homa ilinitoka kwa aibu. Mchana dogo aliporudi shule nikaenda kwao. Safari hii shikamoo niliitoa kwa kuinama. Mama Nanihii akaitikia marahaba huku hanitazami. Nikasema yote niliyoyaona. Nikamgeukia dogo, nikamwomba msamaha mbele ya mama yake, kitu ambacho sisi wakubwa huwa kinatukwama kooni. Yeye akaniangalia, akauliza kwa upole kabisa, "Kwa hiyo kaka, kindi naye atachapwa?"

Sikuwa na jibu.

KWA NINI KINDI ANAFUATA OKIDI?

Tangu hapo nikaamua kumsoma huyu kiumbe vizuri. Kindi ni wa ukoo mmoja na panya. Meno yake ya mbele hayakomi kukua maisha yake yote, kwa hiyo lazima atafune, asipotafuna yatamzidi. Anakula mbegu, kokwa, matunda, matumba, magome na wadudu. Na tofauti na panya, yeye ni mfanyakazi wa mchana. Asubuhi na jioni ndiyo zamu zake, usiku amelala kwenye tundu la mti.

Okidi kwake ni duka la jumla. Kwanza, matumba ni laini. Pili, mashina yake manene yanahifadhi maji, na wakati wa kiangazi hiyo ni soda ya bure. Tatu, okidi nyingi hazipandwi kwenye udongo. Porini zinakaa juu ya matawi ya miti zikishika kwa mizizi, na mizizi hiyo inataka hewa. Ndiyo maana sisi tunazipanda kwenye makumbi ya nazi, vipande vya mkaa na vigae vya matofali. Sasa makumbi ni godoro zuri la kiota, na ni mahali rahisi pa kufukua na kuficha mbegu. Ungekuwa wewe ungeacha?

Hapo hapo niondoe uzushi mmoja. Watu wengi wanadhani okidi inanyonya mti iliokalia. Si kweli. Imepanga chumba tu, chakula inajitafutia kwenye mvua, hewa na majani yanayoozea kwenye mizizi yake. Kwa hiyo usiikwangue kwenye mwembe wako ukidhani unauokoa mti.

MJUE MWIZI KWANZA

Kosa langu kubwa ni kwamba sikuchunguza. Ningetazama vizuri ningejua siku ileile. Somo hili nimelilipia, wewe lichukue bure.

Ukikuta majani na ncha za mizizi zimetafunwa, na kuna mstari wa ute unaong'aa, huyo ni konokono, alikuja usiku. Ukikuta uharibifu umetokea usiku na kuna vinyesi vyeusi vyeusi, mshuku panya. Chungu kimepinduliwa chote, mmea umeng'olewa mzimamzima, na ndizi zako jikoni nazo hazipo, mwulize tumbili kama mtaa wenu unao. Lakini ukikuta matumba yamekatwa na kuachwa chini, makumbi yamefukuliwa, na yote yametokea mchana, tazama juu mtini.

Njia rahisi kuliko zote ni kukagua mara mbili. Hesabu matumba jioni, yahesabu tena alfajiri kabla jua halijachomoza. Kama alfajiri yametimia na saa nne yamepungua, panya hana kesi.

SUMU? THUBUTU!

Habari ilipoenea mtaani kila mtu akawa mtaalamu. Mmoja akasema weka sumu ya panya kwenye ndizi. Mwingine akasema tandaza gundi ya panya. Wa tatu akaja na vidonge vya nondo, vile vya kabatini, eti vining'inizwe kwenye vyungu.

Shangazi alikataa vyote, na alikuwa sahihi. Sumu haichagui. Ataila kuku wa jirani, atakula paka, na bundi akimla mnyama aliyekula sumu naye anaweza kufa, wakati bundi ndiye anayetusaidia kumaliza panya. Vidonge vya nondo ni sumu pia, na kwa mtoto mdogo vinafanana na pipi. Gundi itakunasia mjusi na shorwe kabla ya huyo kindi, na kifo chake ni cha mateso. Hebu fikiria, nimeshamchapisha dogo kwa maua, halafu nimtegee na sumu uani anakochezea?

Halafu kuna sheria. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda wanyamapori bila kibali. Na hata ukimuua huyu, mwembe hautakaa bila mpangaji. Atahamia mwingine wiki ijayo.

TULICHOFANYA SISI

Dawa ya kindi ni kumkatia njia na kumwondolea kinachomwita. Tulianza na kamba ya nguo. Tukaihamishia upande wa pili wa nyumba, mbali na kibanda. Ile peke yake ilipunguza nusu ya balaa.

Pili, tawi la mwembe lililokuwa limeinamia kibanda tukalikata. Kindi ni mrukaji, ukimwachia hatua moja au mbili hiyo kwake ni mzaha. Sisi tuliacha nafasi ya zaidi ya hatua tatu ndefu za mtu mzima kila upande.

Tatu, bati. Wenye minazi wanaijua mbinu hii, wanafunga bati kiunoni mwa mnazi ili panya asipande kwenye madafu. Kucha hazishiki kwenye bati. Tukachukua vipande vya bati laini vyenye upana wa sentimita 60, tukazungushia kila nguzo ya kibanda, mita moja na nusu kutoka chini. Ukitaka kuzungushia mti ulio hai usipigilie misumari, funga kwa waya na uulegeze kila mti unaponenepa. Na ujue kwamba bati halina maana kama kuna tawi, ukuta au kamba nyingine ya kupitia. Kindi hapandi ngazi kama kuna lifti.

Nne, wavu. Vile vyungu sita vya biashara shangazi amevitengenezea tundu la fremu za mbao na wavu wa chuma wa matundu madogo, ule wa banda la vifaranga, pande zote pamoja na juu. Usitumie chandarua wala wavu wa plastiki, meno yale yanaukata kama uzi. Wavu wa chuma unapitisha hewa na mwanga, na okidi inavitaka vyote viwili.

Tano, juu ya makumbi tukapanga vigae vya matofali na kokoto kubwa. Maji yanapita, hewa inapita, lakini mchimbaji anavunjika moyo.

Sita, pilipili. Kijiko kimoja cha pilipili ya unga kwenye lita moja ya maji, unailoweka usiku kucha, unachuja kwa kitambaa, unatia matone machache ya sabuni ya maji ili ishike. Unapuliza kwenye nguzo na nje ya vyungu, siyo kwenye maua wala kwenye mizizi. Mvua ikinyesha inabidi urudie. Ndege hawaungui na pilipili, ndiyo maana unawaona wakila pilipili kichaa bila kupepesa jicho, kwa hiyo chozi halidhuriki. Anayedhurika ni mpulizaji. Mwenzenu nilipuliza bila glovu, nikafikicha jicho, halafu nikaenda msalani kabla ya kunawa. Yaliyonikuta huko nitawasimulia siku nyingine, gazeti hili linasomwa na watoto.

Saba, usafi. Maembe yaliyooza chini tunayaokota, na chakula cha kuku hakilali nje. Na mwisho wa ua, chini ya mwembe wenyewe, shangazi anaweka kigae chenye maji wakati wa kiangazi. Watu walimcheka. Yeye akawajibu kwamba mwenye kiu ukimwonyesha bomba haji kupasua tangi lako.

Vitu vya kutisha, kama vipande vya kioo vinavyong'aa na mdoli aliyevishwa shati, tulijaribu pia. Vilifanya kazi siku tatu. Siku ya nne kindi alikaa begani kwa mdoli.

ADUI MWENYEWE NI NANI?

Na tukiwa bado kwenye kusingiziana, niseme hili. Kindi anakata maua ya chungu kimoja, lakini okidi za porini zinamalizwa na sisi watu. Kule Kitulo, Nyanda za Juu Kusini, uwanda unaoitwa Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake, okidi zilichimbwa kwa magunia, viazi vyake vikavushwa kwenda Zambia kupikwa chikanda. Mwaka 2005 eneo hilo likafanywa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, na moja ya sababu ni hiyo. Biashara ya okidi kati ya nchi na nchi inabanwa na mkataba wa kimataifa, inataka kibali. Kwa hiyo ukimwona mtu barabarani anauza okidi iliyobanduliwa msituni, mwache nayo. Nunua kwa anayezizalisha bustanini.

Dogo sasa ni mkaguzi mkuu wa bustani. Haikuwa rahisi. Wiki mbili nzima alikuwa anaupita mlango wetu kwa mbio, mpira kwapani. Aliyemrudisha siyo mimi, ni shangazi, aliyemwita amsaidie kushika bati. Siku moja nikamwambia kwamba ile vanila ya kwenye aiskrimu inatoka kwenye okidi, na mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond, aligundua namna ya kuchavusha ua lake kwa mkono, njia inayotumika mpaka leo. Akaniuliza, "Wakubwa walimwamini?" Watoto wengine wana ulimi kama wembe.

Kila jioni anahesabu matumba na kuandika kwenye daftari lake la zamani. Vikonyo vipya vimetoka, na juzi alinijia mwenyewe, akasimama kama askari wa zamu. "Kaka, thelathini na nne. Yote yapo."

Kindi yuko mtini, tunamsikia anagonga. Deni la shilingi 60,000 shangazi amelimaliza. Langu kwa dogo ndilo bado nalilipa kidogo kidogo, na leo nimelipunguza kwa kuandika hapa mbele yenu wote kwamba hakufanya. Mama Nanihii husoma gazeti hili, nimemwambia alisome kwa sauti.

Na wewe msomaji, siku ukikuta maua yako yamekatwa na mpira wa mtoto uko pembeni, kabla hujavuka ua tazama kwanza juu ya mwembe. Tukutane wiki ijayo.